Ukuta wa Nant-y-Gelyn

Miaka kumi na mmoja ndani ya gereji ya Elfed,
hita ya mafuta ikinuka miguuni,
mvua ya Wales ikihesabu mabati,
tulijenga stesheni iliyofungwa kabla sijaota ndevu.

Kutoka reli hadi reli, milimita kumi na nane
nukta themanini na tatu.
Si kumi na tisa. Si "karibu hapo."
Elfed, aliyechonga meno ya bandia hadi alipostaafu,
aliyakata mataruma kwa msumeno mwembamba kama uzi,
elfu mbili na mia nne, kila moja na viti vyake,
kila kiti na kabari yake
ambayo hakuna jicho litakaloiona.
"Mimi nitajua," alisema,
na koleo likauma tena.

Mimi nilipewa vilivyosimama:
kibanda cha ishara, choo cha wanaume,
na ukuta wa mawe kati ya uwanja wa mizigo na barabara.
Nilikuwa na ramani ya kampuni ya reli na picha tatu,
moja imezibwa nusu na kidole cha mpigaji.
Nikachora mawe kwa sindano, moja moja,
majira mawili ya baridi,
hadi ukuta ukawa wima kama kiapo.

Jumamosi. Ukumbi wa michezo wa shule, Llandrindod.
Mistari ya mpira wa kikapu chini ya meza zetu,
chai ya vikombe vya karatasi, harufu ya makoti yaliyolowa.
Treni ya kwanza ilitoka nyuma ya pazia, mabehewa mawili,
ikapita maungio ya mbao bila kushtuka,
na Elfed akapumua kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.
Wakaja wenye vipimo mifukoni.
Waliinama, wakafumba jicho moja,
wakanyamaza kama wanaoonja mchuzi wa mtu.
Mmoja alisema tu, "Hm."
Kwa watu wa aina yetu, hilo ni shada la maua.

Kisha Bi. Morfudd Pryce na mkongojo wake,
aliyekata tiketi pale hadi treni ya mwisho.
Treni yetu hakuitazama.
Aliutazama ukuta wangu.
"Huu haukusimama hivi hata siku moja."
Nikamwonyesha ramani.
"Ramani haikuwapo," akasema, "siku Gethin wetu
alipolirudisha nyuma lori la maziwa.
Madebe ishirini. Barabara nyeupe hadi kanisani.
Baba akamwambia mkuu wa stesheni
kwamba ni barafu iliyousukuma.
Tangu hapo ukaegemea, hivi,"
na akainamisha kiganja hewani
kama anayempapasa ng'ombe mgonjwa.
"Gethin alipita upande wa pili wa barabara
maisha yake yote."

Usiku ule hotelini nililala na ukuta kifuani.
Wahenga walionya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Nami nimejenga ukuta
ili nipate kuutia ufa.

Jumapili, milango bado imefungwa,
mfagiaji akizungusha fagio lake pana,
nililowesha gundi kwa brashi ya maji ya moto,
nikapasua mstari chini ya safu ya tano ya mawe,
nikasukuma kwa kidole gumba.
Elfed aligeuza uso, kama daktari asiyeweza kumchoma sindano mwanawe.
Kisha akaniletea, bila neno,
kabari mbili za mbao, nyembamba kuliko kucha.

Wenye vipimo wakarudi. Mmoja akaninong'oneza, kwa huruma,
kwamba safari imenidhuru kazi, ukuta umelegea.
Nikasema asante.

Saa tisa alasiri nikausikia mkongojo sakafuni.
Bi. Morfudd aliinama hadi pumzi yake ikaacha ukungu
kwenye kioo cha kibanda cha ishara.
Akanyoosha kidole. Hakugusa.

"Bado kidogo," akasema.