Sindano Nne

Hampus ameiweka dirishani ile pistoni iliyotoboka.
Kidole gumba changu kinapita kwenye tundu.
"Ilikufa kwa kiu," anasema,
nami niliyefunika nyuso miaka thelathini na moja
katika wodi ya tatu, hospitali ya Lycksele,
naijua sauti ya mtu anayesema hivyo
na zamu ilikuwa yake.

Nje, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Gerejini, hita ya dizeli inanguruma,
Volvo ya baba yake imeachama boneti,
na mimi nimeitwa kwa ajili ya hesabu tu,
si mawaidha.

Haya. Unataka farasi wangapi?
"Mia tatu."
Kila farasi akikazwa mbio
hunywa mililita sita kwa dakika.
Sita mara mia tatu: elfu moja na mia nane.
Silinda nne. Mia nne na hamsini kila moja.
"Basi tununue za mia nne na hamsini!"

Keti kwanza.
Sindano isiyofunga hata kufumba na kufumbua
si sindano tena, ni bomba lililopasuka.
Niliwahi kufanya zamu mbili mfululizo, Hampus,
na alfajiri nikampa mgonjwa wa kitanda cha tano
dawa ya kitanda cha sita.
(Alipona. Mimi sikupona upesi.)
Sehemu nane za kazi, mbili za kupumua:
mia tano sitini na mbili, na nusu.

Akakohoa. Akatazama viatu vyake.
"Ila shangazi, si petroli.
Nitatia ethanoli. Ni rahisi, na haichemshi injini."

Ndivyo walivyo wagonjwa wote.
Ugonjwa wenyewe hutajwa
mkono ukiwa umeshashika kitasa cha mlango.

Ethanoli huwaka vizuri lakini haishibishi;
ongeza thuluthi, na chembe juu yake.
Nikakata namba ya kwanza, nikaandika chini yake:
mia saba na sitini.

"Jerker anazo za elfu moja na mia sita," akasema,
"na siku moja nitataka farasi mia sita."

Siku moja!
Koti la kukulia hununuliwa mtoto,
tena mikono hukunjwa. Sindano utaikunja wapi?
Ukisimama kwenye taa nyekundu pale kwenye duka la mikate
injini haitaki kibaba, inataka tone,
na sindano kubwa haijui tone:
kabla haijazinduka wakati umekwisha,
kabla haijajifunga imeshamwaga.
Plagi zitalowa. Mafuta yataosha kuta za silinda
mpaka chuma kisuguane na chuma.

Nimewahi kumhudumia mtoto njiti, gramu mia tisa.
Dawa yake ilikuwa kwenye kabati lile lile la watu wazima.
Bomba la sindano halikuwa lile lile.
Hilo tu.

Kimya. Hita ikazima, ikawaka yenyewe.
Na pampu je? nikauliza.
"Pampu ni ile ile ya zamani."
Tukacheka mpaka miwani yangu ikaingia ukungu,
kisha hakucheka tena, kwa kuwa pampu ni mshahara wa mwezi mwingine,
na barafu ya ziwani haimngoji mtu.

Amengoja, lakini. Leo ni Machi.
Sindano nne za mia saba na sitini, pampu mpya, oringi zimepakwa mafuta.
Ufunguo ukazungushwa mara moja, mbili,
na gari likashika, likayumba,
likatafuta mahali pa kusimama, likapaona.

Hampus hatazami kompyuta. Ananitazama mimi.
Naweka kiganja juu ya kifuniko cha vali, nasoma saa ya ukutani kwa mazoea.
Mapigo mia nane na hamsini kwa dakika.
Angekuwa binadamu, ningepiga kengele.