Kabange Apima Gari

Lilikuja mgongoni mwa lori kutoka Kasumbalesa
kama bibi harusi aliyekataa kukanyaga tope,
jeupe, nailoni bado kwenye viti.
Bwana Tshibanda, muuza saruji, hakuniita nilione.
Siku ya tisa likamzimikia njiani,
ndipo akakumbuka kwamba mtaa wa Kenya una fundi.

Vijana sita walilisukuma hadi kwangu,
wakadai malipo ya watu kumi.
"Zito hili," walisema. "Limemeza nini?"

Mimi ni fundi wa masikio.
Niletee Toyota inayokohoa, nitakutajia plagi ni ya ngapi.
Niletee dizeli inayoguna, nitakuambia
mwenyewe kanunua mafuta ya chupa kona gani.
Hili nililifungua boneti nikakuta sanduku tupu,
pa kuwekea viatu.
Nikainama: hakuna ekzosi.
Nikanusa: hakuna kitu.
Nikatega sikio kwenye bati kama mkunga
na nikasikia redio ya jirani.

"Fundi, imekufa?"
"Bwana, sikujua kama ilikuwa hai."

Umeme ulikatika tangu Jumatatu,
kwake, kwangu, hata kwa padri.
Gari halikuwa na ugonjwa. Lilikuwa na njaa.

Tshibanda akanionyesha simu yake:
Ulaya wanahama, Uchina walishahama,
viwanda vinafunga milango ya petroli mmoja baada ya mwingine.
"Moshi umekwisha, Kyungu. Amka."

Pacha wangu Kabange alikuwa ameketi juu ya tairi,
anauza vocha, anakohoa
kile kikohozi alichorudi nacho kutoka Kolwezi
pamoja na shati moja na deni.
Miaka minne shimoni, kamba kiunoni, tochi kwenye paji.
Hakuwahi kuuliza mawe yanakwenda wapi;
waliouliza walipunjwa kwenye mizani.

Akaja. Akapiga magoti.
Akapitisha kiganja chini ya tumbo la gari,
pale betri ilipolala, polepole,
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ukutani.
"Ngapi humu?"
"Ngapi nini?"
"Mifuko."
Sikuwa na jibu. Akafumba macho,
mabega yakashuka kidogo, kama yamebebeshwa.
"Saba," akasema. "Labda minane.
Wiki moja, mvua isiponyesha."

Tshibanda alikuwa anafuta kioo kwa leso.

Tukawasha jenereta.
Ile kuukuu ya dizeli, inayochezesha sufuria za Mama Ngoie
anayesonga bukari ng'ambo ya mfereji.
Kabange ndiye aliyemimina, lita ishirini,
na moshi ukapanda mweusi, ukashukia nguo kwenye kamba,
na gari likanywa,
saa moja, saa mbili, saa tatu,
kimya, kama mgeni mwenye adabu
asiyeuliza chakula kimetoka wapi.
Mwenye gari aligeuza uso
kuelekea lile bomba refu la kiwanda
na mlima mweusi wa mabaki ya shaba,
akasema jioni ni nzuri.

Lilipoondoka, mbwa hawakubweka.
Watoto waliocheza karata barabarani hawakuinua macho;
ikabidi nikimbie mbele nikipiga kelele,
mimi, fundi, niwe honi.
Kuku wa Mama Ngoie hakubahatika. Alilipwa.

Nimebaki na madebe ya oili,
plagi mia na ishirini nilizochukua kwa mkopo,
na masikio mawili yaliyosoma miaka thelathini.
Binti yangu Musau anasema nijifunze waya.
Nitajifunza. Anayeuza plagi hachagui karne.

Tulifunga karakana kwa mwanga wa simu.
Kabange alisimama mlangoni, mkono kiunoni, nyuma,
pale mifuko ilipokuwa inakaa.
"Nimesahau kumwambia," akasema.
"Uzito wote uko chini.
Akate kona taratibu."