Mwiko

Bondeni Alazani, asubuhi ya kwanza,
Nanuli alinipa mwiko wa chuma,
kisha mwiko wa maneno: usichimbe, kwangua.
Nikakwangua. Magoti yalielewa kabla yangu.

Siku ya nne lilitokea duara,
jeusi kidogo kuliko udongo jirani,
upana wa kisahani.
Nikadhani ni unyevu. Nikalipitia.
Tornike akamwaga ndoo yangu kwenye chekeche:
si kigae, si mfupa,
kokoto tu na mzizi wa mzabibu.

“Hapo palisimama nguzo,” akasema Nanuli.
“Mti ulioza zamani, ikabaki rangi.
Na rangi haichekechwi.”

Nilingoja kufokewa.
Akanisukumia daftari:
andika kina, andika saa,
andika ni nani.

Kule juu wavunaji walikuwa wakigombania vikapu,
ng’ombe wa mtu akakojolea kamba yetu ya vipimo.
Nikaandika: Duara, sentimita kumi na nne.
Nimelifuta mimi.
Kalamu ikatoboa karatasi kwenye neno la mwisho.

Jioni niliuosha mwiko wa chuma, nikaurudisha sandukuni.
Ule mwingine, usio na mpini,
nililala nao.