Zoezi la Tatu

Mwalimu Nkulu alinipa ukurasa uliochanika:
wanawake wawili wanakutana mlangoni,
Maria na Elizabeti, kazi ya Mtaliani
aliyekufa kabla Katuba haijaitwa Katuba.
"Usibuni kitu," alisema. "Nakili.
Pale utakapokosea ndipo tutajua wewe ni nani."

Nikachora miraba juu ya gunia la unga
nililolipaka gundi na chokaa.
Mtaliani aliweka kijani chini ya ngozi;
mimi nilitwanga udongo wa kichuguu, mwekundu,
nikauponda ndani ya mafuta ya kitani
yaliyomeza nauli yangu ya wiki mbili.
Kijani nikakipeleka kwenye joho: vumbi la malakiti
nililolizoa kwa kina Kabwita, wachonga shanga.

Sura zilikuja. Mavazi yakaja, pindo juu ya pindo.
Mikono ikagoma.
Vidole vilikaa kama ndizi zilizosahauliwa sokoni.
Nikavifuta kwa tapentaini mara nne,
hadi gunia likaanza kusema tena: KILO HAMSINI.

Nikamwita mama mdogo, Ngoie.
Nikamwita jirani yake, Mama Chabala.
Nilijua tangu Pasaka hawasemezani,
kisa fedha za likelemba;
lakini nilikuwa na njaa ya mikono.

"Mshike kiwiko."
"Nani, mimi?"
"Mama, ni masomo."
Wakashikana kama watu wanaohamisha kabati la mwingine.
Saa ya kwanza kila mmoja alitazama ukuta wake.
Saa ya pili Chabala akauambia ukuta,
"Umekonda."
"Wanasema ni sukari," Ngoie akajibu.

Sikuinua kichwa. Nilichanganya kahawia na nyeupe kidogo,
nikaona kidole gumba cha Chabala kikisogea
juu ya kitenge, polepole,
kama kinachotafuta mshono.
Nilitaka kusema, msitikisike.
Nikanyamaza, nikakifuata kwa brashi.

Rangi ya mafuta haina haraka;
kwa mvua hizi za Januari itachukua mwezi kukauka.
Jana Mwalimu alikuja, akapima kwa uzi.
"Kidole hiki si cha Mtaliani.
Hakipo mahali pake."
Akasimama muda mrefu, miwani mkononi.
"Usikiguse."

Nyuma ya ukuta nawasikia wanagombana tena,
safari hii ni juu ya nani
ametia sukari kwenye chai.