Nani Kamwaga?

Tulihesabu kwa vidole, mimi na Godlisten:
wiki tatu zimebaki Aikande atimize miaka miwili.
Akishatimiza, ndege itadai nauli ya kiti chake.
Kwa sasa ni mzigo wa mapajani.
Basi tukavunja kibubu, twende baharini
kabla mtoto hajawa mtu.

Mama mkwe akashuka toka Kibosho na chupa ya mtori.
"Huko wanakula pweza," akasema,
kama anayesema huko wanakula viatu.
Akafunga sweta la mtoto vifungo vyote, mpaka kidevuni.
Julai ya Moshi ilikuwa imekaa juu ya paa,
nyeupe, haina safari.
Usiku nilipanga begi mara nne.
Nepi kumi na nane. Dawa ya homa. Kijiko chake cha bluu,
maana kijiko kingine kwake ni matusi.

Pale KIA askari wa kike alifungua mtori, akanusa,
akafumba macho kidogo.
"Wa mtoto?"
"Wa mtoto."
Chupa ya lita mbili.
Akatupitisha. Nikajua: huyu naye wa kwetu.

Ndege ilipokaza mwendo, Aikande alicheka.
Ilipoacha ardhi, akanyamaza,
akashika masikio kwa mikono miwili
kama mtu anayezuia kichwa kisimwagike,
halafu akalia
kilio ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani,
hata siku ile ya pasi.

Nilijaribu kijiko. Nilijaribu funguo.
Baba yake alijaribu wimbo wa kuku, akasahau ubeti wa pili.
Mzee wa kiti cha mbele aligeuka,
akageuka tena.
Mwanamke mmoja asiyenijua, mwenye hina mpaka viwikoni,
akaniinamia: "Mnyonyeshe, mwanangu. Ameze.
Masikio yatazibuka."

Nilikuwa nimemwachisha, mwezi wa pili sasa.
Kwa shubiri. Kila usiku nikijipaka uchungu,
nikimtazama akionja, akikunja uso, akinitazama
kama mtu aliyefungiwa mlango wa kwao.
Siku tisa. Nikashinda. Wakanipa hongera,
nami nikaenda kulia stoo, juu ya gunia la mahindi.

"Kushoto kwenu, Kibo," rubani akatangaza,
na abiria wote wakalalia madirisha, simu juu,
na mimi niliyezaliwa chini ya mlima huo,
nisiyewahi kuuona utosi wake,
nikafungua kifungo.

Hakuonja kwanza. Hakuuliza.
Akadaka.
Maziwa hayakuwepo, nadhani; palikuwa na kumeza tu,
koo lake likipanda, likishuka,
mkono wake mmoja ukiachia sikio,
ukitafuta ule mkufu wangu wa zamani wa kuchezea.
Godlisten aliniambia baadaye
mlima ulikuwa mweupe sana.

Bahari? Ndiyo, tulifika.
Alisimama ukingoni, amekataa kuvua viatu,
maji yakaja, yakarudi,
maji yote yale, mpaka macho yanapokoma.
Akatugeukia, amekunja ndita:
"Nani kamwaga?"
Na kabla hatujajibu, upesi, mikono nyuma:
"Si mimi."

Siku nne. Kijiko cha bluu kilipotea ya pili,
hakuna aliyekufa.
Pweza alikula, tena kwa mikono,
jambo ambalo tumekubaliana lisifike Kibosho.
Tuliporudi alilala ndege nzima, mdomo wazi,
chumvi imemkauka kwenye nyusi.
Sikuhitaji kufungua chochote.
Nilikaa na kifungo changu,
nikisubiri alie.

Bibi alikuwa ametungoja, sakafu imepigwa deki,
chai iko jikoni. Akampakata, akamvua kiatu,
na mchanga ukachuruzika
mwembamba, mrefu, kama hautaisha,
ukajenga kichuguu juu ya saruji nyekundu.
"Nani kamwaga?" bibi akauliza.

Aikande akautazama ule mchanga.
Akanitazama mimi.
Akanyoosha na kile kiatu cha pili:
"Mimi."