Bahasha Mbili

Tarishi kaiangusha njiani; imefika na doa la udongo mwekundu.
Ndani majina saba ya wanaotaka kutusemea
kwenye Baraza la Waswisi wa Ng'ambo,
sisi wa Misiones, wenye pasipoti nyekundu kama huo udongo,
na milima hatuijui ila kwenye kalenda.

Bibi Roswitha kavaa miwani ya marehemu.
Uswisi kaiona mara moja: siku tisa, saba za mvua.
"Huyu Zurbuchen, babu yake alituuzia fahali kipofu."
Jina likapigwa mstari.
"Huyu ahadi tele. Ahadi ni deni, nami nimechoka kudai."
Wa tatu, mwanamke wa Rosario, kaandika sentensi mbili tu:
moja ya pensheni zinazochelewa,
moja ya benki inayomfungia mtu akaunti kwa kuishi mbali.
Hapo bibi akanyamaza.
Akafyonza yerba mpaka mrija ukakoroma.

Nikamwambia: Kijerumani chako, bibi, hata huko hawakisemi tena.
Watakusikia kwa lugha gani?
Hakujibu. Akatia alama, akalamba gundi, akakunja uso.

"Na yako i wapi?"

Yangu niliikunja mara nne,
nikaisokomeza chini ya mguu wa meza isiyumbe.
Akainama, na miaka yake themanini na mbili, akaichomoa.
Kibuyu kikapinduka, majani mabichi yakatapakaa kitambaani.

"Andika," akasema.
"Meza nitaishika mimi."