Kucha za Baba

Jumapili, baada ya kuoga, baba hunitwika mguu mapajani
kama mtu anayetua mzigo kwenye mizani.
Haya, husema. Kata.
Nje, Gyumri yote imelala chini ya theluji,
jiko la kuni linakohoa pembeni,
nami, Satenik, binti wa miaka hamsini na miwili,
natafuta miwani nizione kucha za mwashi.

Ni ngumu, njano kama pembe ya ng'ombe.
Ya dole gumba la kushoto ni nyeusi tangu mwaka ule
jiwe la volkano lilipomponyoka,
naye akamaliza zamu kwanza,
ndipo akavua kiatu.
Naziloweka kwa maji ya chumvi. Nasubiri.
Hatusemi. Nyumba hii haikuwahi kulitumia neno hilo.

Tulikuwa na neno jingine.
Watu wa kwetu humwambia mtu:
maumivu yako niyabebe mimi.
Baba alimwambia mwuza mkate,
alimwambia dereva wa basi aliyemrudishia chenji,
paka wa jirani aliyechechemea,
fundi wa runinga, na runinga yenyewe.
Usichanani nililihesabu kama mvuke wa mdomoni siku ya baridi:
humtoka kila mtu,
haumpashi joto yeyote.

Ndiyo maana usiku ule wa Machi,
nikiwa kizingitini, koti begani, teksi ikipiga honi,
mama aliposema, Satenik jan, maumivu yako niyabebe mimi,
nilimjibu: Mama, kunywa dawa. Funga gesi.

Dawa alikunywa.
Gesi alifunga.
Asubuhi jirani alimkuta ametii kila kitu,
kikombe kimeoshwa na kufudikizwa,
na mimi nimebaki na maagizo yangu mawili
ambayo hayana wa kumpa tena.

Kaka yangu Vardges yuko Krasnodar, anaezeka mapaa ya watu.
Hupiga simu saa kumi na mbili jioni, kila Jumapili.
Theluji imefika wapi?
Magotini. Umebadilisha matairi?
Nimebadilisha. Kuni bei gani?
Dakika nne, kama maofisa wawili wa forodha
wanaokaguana mizigo na kuruhusiana kupita.
Kisha baba hukata, akabaki ameishika simu kifuani,
na mke wa Vardges ameniambia kwa siri
kwamba kule nako, mwenziwe hufanya vivyo hivyo.

Leo mkasi uliteleza.
Tone moja la damu likaingia kwenye beseni,
likajifungua taratibu kama uzi.
Hakushtuka.
Nilimtazama kisogo, zile nywele chache alizozichana kwa maji,
na neno likanitoka kabla sijalivalisha nguo:
Baba, nakupenda.
Nini?
Sikio lake la kulia liliachwa zamani kwenye machimbo.
Nakupenda!
Nikapaza sauti hadi jirani akagonga ukuta.
Umenikata?
Kidogo.
Basi usilie kwa hilo. Si kitu.

Akautoa mguu majini, akautazama kwa muda mrefu,
kama ukuta alioujenga mtu mwingine.
Halafu akasema, bila kunitazama,
Nimesikia mara ya kwanza.
Na akaniletea mguu wa pili.

Saa kumi na mbili simu ikalia.
Theluji. Magotini bado.
Matairi. Kuni.
Nilikuwa nakausha beseni nilipoona
dakika ya nne imepita na baba hajakata.
Alikohoa. Jiko nalo likakohoa.
Vardges, akasema, subiri,
dada yako ana neno,
akanisukumia simu kama kaa la moto.

Niliipokea kwa mkono wenye chumvi.
Kimya cha Krasnodar kikanijaa sikioni,
kisha pumzi, kisha sauti ya kaka yangu, ndogo,
ya mtoto aliyeitwa ofisini katikati ya somo:
Satenik, nani kafa?

Hakuna, nikasema.
Hakuna bado.
Ndiyo maana.